Ng'ombe wa Kumi

Alfajiri ya Ijumaa, tarehe kumi Julai mwaka 1936, ng'ombe tisa walitoa mvuke puani na wa kumi hakutoa.

Makame Hemedi aliliona jambo hilo kabla hajaufikia mlango wa zizi. Baridi ya kiangazi ilikuwa kali, na ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Kituo chake cha ukaguzi wa mifugo kilikuwa karibu na mahali ambapo leo malori hupumzika Nyakanazi. Wakati ule palikuwa na nyumba moja ya udongo yenye paa la bati, zizi la magogo, sakafu ya mawe ya kuchinjia, na njia mbili zilizokutana kisha zikaachana. Upande wa machweo, kwa mwendo wa siku nzima, nchi ilikuwa imehamwa. Serikali ilikuwa imewaondoa watu kwa sababu ya malale na kuwakusanya kwingine, na vijijini mwao zilibaki kuta, majivu, na migomba iliyozaa bila mtu wa kukata mkungu.

Makame alikuwa mtu wa Pangani, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, na alikuwa amekaa pale miezi thelathini na mmoja. Idadi hiyo hakuikisia, kwa kuwa aliiandika nyuma ya daftari kila mwezi ulipokwisha. Alimwacha mkewe Arafa akiwa mjamzito. Mtoto wao, Sauda, sasa alikuwa na miaka miwili na miezi miwili, na baba yake hajapata kumwona. Barua ya ruhusa ilikuwa imefika hatimaye: mama na mtoto wangeletwa kwa lori Alhamisi iliyofuata. Zilikuwa zimebaki siku sita. Makame alikuwa amekwisha kuipaka nyumba chokaa, na alikuwa ameunda kitanda kidogo ambacho urefu wake aliupima mara mbili kwa kuwa hakuwa na hakika mtoto wa umri ule hufikia wapi.

"Hati yako inasema tisa," alimwambia Nzeyimana, mswagaji aliyewaleta ng'ombe kutoka Ngara. Waliswagwa usiku, wakati mbung'o wamelala, na walifika kituoni mapambazuko.

"Ni tisa, bwana Makame. Niliwahesabu Ngara, nikawahesabu tena mtoni."

"Humu mna kumi."

Nzeyimana aliwahesabu kwa kidole. "Basi mmoja amekuja mwenyewe."

Salum, mchinjaji, aliyekuwa akinoa kisu kwenye jiwe, alicheka. Alikuwa mtu wa mji wa Biharamulo, wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani tangu enzi za babu zao, na ulimi wake haukujua kupumzika. "Mhangaza wa Ngara wee! Wenzako wakiswaga usiku hupoteza ng'ombe. Wewe unazalisha."

"Utanicheka baadaye, Salum. Bwana Makame, niruhusu nimshike pua."

Kwao Nzeyimana, ng'ombe hapokelewi mpaka apumue kiganjani mwa anayempokea. Mtu huweka mkono wazi mbele ya pua, husubiri joto liingie katikati ya kiganja, ndipo husema apite. Makame alikuwa ameuona mkono huo mara nyingi na kuuvumilia. Lakini asubuhi ile jua lilikaribia kuchomoza, vibarua wa kambi ya barabara walikuwa hawajaonja nyama kwa siku nane, na mnyapara wao alikuwa ametuma mtu mara mbili.

"Pumzi haipimi ugonjwa," alisema, akitoa kipimajoto katika mfuko wa shati. "Kinachopima ugonjwa ni hiki."

Kwa wale tisa, zebaki ilisimama penye mia na moja na nusu za Farenhaiti, au karibu na hapo. Kwa yule wa kumi, dume jeusi lenye pembe fupi, haikupanda kabisa. Makame alikikung'uta kipimajoto, akampima ng'ombe mwingine, akapata mia na moja. Akarudi kwa lile jeusi. Zebaki ilibaki chini ya alama ya kwanza, pale inapokuwa kifaa kikiwa mezani. Macho ya mnyama hayakuwa na tongo, mdomo haukuwa na udenda wa sotoka, na kwato hazikuwa na kidonda. Kanuni ilisema mnyama mwenye joto la kupita mia na tatu akataliwe. Ilisema pia kwamba mnyama asiye na mwenyewe achinjwe kwanza. Juu ya mnyama asiye na joto hata kidogo haikusema neno, kwa sababu aliyeiandika hakufikiri kwamba ingehitajika.

"Hana homa," alisema Makame.

Penye mlango wa zizi palikuwa na vibuyu viwili: kimoja cha chokaa kwa waliopita, kimoja cha udongo mwekundu kwa waliokataliwa. Alichovya kidole gumba katika chokaa, akakibandika kwenye paji la uso la dume. Kidole hicho kilikuwa na kovu la utotoni, hivyo alama yake daima ilikuwa na ufa katikati. "Apite."

Dume likainua kichwa, likamtazama kwa namna ambayo mnyama hatazami. Lilikuwa limeitikia.

Salum alilichinja akielekea kibla, kwa bismillahi ya kawaida, kisha akasimama na kisu mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bwana Hesabu," alimwita Makame kwa jina lake la utani, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha. "Njoo uguse damu hii."

Damu ilitoka polepole, nzito, wala haikufuka katika baridi ile. Makame aliipasua nyama kama ilivyompasa: ini, mapafu, tezi za shingo. Yote yalikuwa safi, na mapafu yalikuwa safi mno, makavu, mfano wa mfuko ambao haujapata kutumika. Kilichomsumbua kilikuwa harufu. Haikuwa ya uozo. Ilikuwa harufu ya nyumba iliyofungwa miaka mingi, ya majivu yaliyolowa na mkeka uliooza peke yake. Hakuna kanuni iliyotaja harufu hiyo, naye akaandika kwamba nyama inafaa.

Vibarua thelathini na wanane walichukua nyama yao wakiimba. Salum alikataa fungu lake, akasema tumbo halilitaki. Generoza, binti wa Rulenge aliyewauzia vibarua uji, hakuwa akila nyama siku ya Ijumaa, kwa kuwa alibatizwa misheni ya Wakatoliki. Nzeyimana aliketi mbali, mgongo ukielekea moto. Makame alipewa ini, sehemu ya mkaguzi, akalila magharibi kwa ugali akiwa peke yake, akitazama kitanda kidogo. Halikuwa na ladha yoyote. Alilimaliza, maana alilelewa kutobakiza chakula.

Jumamosi alfajiri, ngozi ya dume jeusi ilikuwa bado imewambwa kwenye vigingi kumi na vinne karibu na sakafu ya mawe. Makame aliipita, akaenda zizini, akahesabu.

Kumi.

Alihesabu kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Wa kumi alisimama pembeni, mweusi, mwenye pembe fupi, ukungu ukimzunguka bila kutikiswa na pumzi yake, na katika paji la uso wake palikuwa na alama ya chokaa yenye ufa katikati.

Makame hakupiga kelele. Aliitazama ngozi kwenye vigingi, akamtazama ng'ombe, akaitazama ngozi tena. Wakati huo vibarua walikuwa wakipita kwenda mtoni na ndoo zao, na aliwageukia kwa furaha ya mtu anayetaka sana kuona watu. Walipita mmoja mmoja. Hawakuimba, wala hawakumsalimu. Midomo ya baadhi yao ilikuwa wazi, na hakuna hata mmoja aliyetoa mvuke.

"Shikamoo, bwana mkaguzi," Generoza alimnong'oneza, akiwa ameliacha sufuria lake njiani. Mvuke wake mwenyewe ulitoka kwa haraka haraka. "Wale watu wana nini?"

"Marahaba. Umeona nini?"

"Uji umetoka motoni unachemka, nao wanaunywa. Hawapulizi. Wanameza tu, hivi, kama maji ya kisima. Nikamwambia mmoja, kaka utaungua. Akanitazama kana kwamba nimemwita mtu mwingine."

Nzeyimana alikuwa amesimama nyuma yao. Alizungumza kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwa dume jeusi.

"Bibi yangu alikuwa mganga wa zizi. Alitufundisha kwamba mlangoni mwa kila zizi la zamani kuna kitu kinachokaa na watu. Jini, sema ukipenda. Humwagiwa maziwa kidogo, nacho hakidhuru. Watu wakihama huambiwa: tunaondoka, kaa salama. Huku kwenye malale watu waliondolewa kwa siku moja, bwana Makame. Nani alipata nafasi ya kuaga? Ng'ombe waliobaki walikufa zizini, nacho kikabaki na mizoga. Sasa kimevaa mwili wa ng'ombe, kinatafuta watu."

"Kwa nini kije hapa?"

"Kilikuwa hakiwezi kuingia penye watu bila kupokelewa. Wewe umekipokea. Umekitia alama."

Makame aliitazama njia ya lori. Hesabu iliyompitia kichwani ilikuwa rahisi: zilibaki siku tano, na lori lingesimama hatua ishirini kutoka zizi hili.

"Kinaondokaje?"

"Aliyekipokea ndiye akirudishe. Kwa miguu, mchana, peke yake. Akifika kwenye zizi lake afute alama kwa mkono wake, akiambie kwamba watu wameondoka. Hakijaambiwa, unaelewa? Kisha afunge mlango kwa miiba."

"Na hawa waliokula?"

"Wao walikula tu. Watapata pumzi yao kikishafungiwa." Nzeyimana alitaka kuongeza neno, akamtazama Makame usoni, akaliacha.

Jumapili, jua lilipokwisha kupanda, Makame alilifunga dume kamba, akashika njia ya machweo. Halikumpa taabu. Lilimfuata bila kutoa mlio wa kwato, na kila alipogeuka alilikuta kwa umbali ule ule. Alianza kuhesabu hatua kwa sauti, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyokuwa ikimtuliza tangu alipofika nchi ile, na kwa kuwa ukimya wa vijiji vile, pamoja na vizingiti vyake visivyo na milango na mafiga yaliyokuwa bado matatu matatu juani, ulimlemea. Mia tano. Elfu moja. Elfu mbili na mia nne.

Penye elfu tatu na mia moja na sita alisita kidogo ili ameze mate, na nyuma yake, kwa sauti ya chini na yenye adabu, mtu akasema: "Mia moja na saba."

Hakugeuka. Alisema mia moja na nane, na sauti ikasema mia moja na tisa, na hivyo wakaendelea, yeye moja na sauti moja, akijua kwamba ilimpasa aiachie kamba na akimbie, na akijua pia, jambo lililomtisha kuliko sauti yenyewe, kwamba kwa miezi thelathini na mmoja hakuna mtu aliyepata kuhesabu pamoja naye, wala kungoja zamu yake, wala kuonyesha kwamba anajali ni nambari gani inayofuata, na kwamba moyo wake, hata katika hofu ile, ulikuwa ukiisubiri kila nambari iliyojibiwa kwa shukrani.

Zizi lilikuwa la duara, magogo yake yamekuwa meusi, na ndani yake mifupa ya ng'ombe ilikuwa imelala ilipoangukia, vichwa vyote vikielekea mlangoni. Dume liliingia, likageuka. Makame alinyoosha mkono, akaifuta alama mpaka chokaa yote ikahamia kiganjani mwake.

"Watu wameondoka," alisema. "Waliondolewa kwa sababu ya ugonjwa. Hawakukuaga kwa kuwa hawakupewa nafasi. Hawarudi. Hapa ndipo kwako."

Akaufunga mlango kwa miiba na kuondoka. Ndani hapakusikika kitu. Alipofika kituoni, jua likiwa limeinama, akaandika katika daftari: hatua elfu kumi na moja, mia mbili na tisini na tatu, kurudi. Kalamu ilikuwa bado mkononi alipokumbuka kwamba njia nzima ya kurudi hakuwa amehesabu.

Jumatatu zizini kulikuwa na ng'ombe tisa. Vibarua walipita na ndoo wakikohoa, wakigombana, wakiimba wimbo wa matusi juu ya mnyapara, na juu ya kila kichwa palining'inia wingu dogo jeupe. Makame aliwahesabu wote, thelathini na wanane. Akaongeza Salum, Generoza na Nzeyimana, akapata arobaini na mmoja, na wote walikuwa na mvuke. Hesabu ilikuwa imefungika. Aliketi kando ya sufuria la Generoza kwa furaha ambayo hakuwa ameijua tangu Pangani, akapokea kikombe cha uji, akaunywa.

Alipoinua macho, Generoza alikuwa amerudi nyuma hatua tatu.

"Nini?" aliuliza.

"Bwana mkaguzi," alisema binti yule, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Uji unachemka."

Makame alikitazama kikombe. Mapovu yalikuwa bado yakipasuka ukingoni. Aliuinua mkono wake, ule alioufutia alama, akauweka wazi mbele ya pua yake, akasubiri joto lifike katikati ya kiganja. Alisubiri mpaka Salum, aliyekuwa akija na kisu chake na mzaha wake wa asubuhi, akasimama na kunyamaza.

Kipimajoto alikiweka kwapani kwa dakika tano za saa. Zebaki ilibaki chini ya alama ya kwanza.

"Wao walikula tu," Nzeyimana alisema baadaye, bila kumkaribia. "Wewe ulipokea na ukala. Niliogopa kukuambia. Nilitumaini."

"Kinatoka?"

"Sijapata kusikia."

"Na nikikaa na watu?"

Nzeyimana aliutazama mlango wa nyumba iliyopakwa chokaa, ambamo kitanda kidogo kilionekana. "Wewe ndiye mkaguzi, bwana Makame. Ungempitisha?"

Lori liliingia Alhamisi, kabla ukungu haujainuka. Arafa alikuwa amekaa karibu na dereva, mtoto mapajani, uso umechoka kwa siku kumi na mbili za treni, meli na vumbi. Alimwona mumewe akiwa amesimama ndani ya zizi lililokwisha kuondolewa ng'ombe, mlango umefungwa kwa kamba, na katikati ya paji la uso wake palikuwa na alama ya udongo mwekundu.

"Usishuke, Arafa."

"Hee! Makame?" Alicheka kwa uchovu. "Ndiyo salamu gani hiyo? Mtoto anataka kukojoa, nimshushe."

"Usishuke. Nakuomba. Dereva, usizime injini."

"Umeugua?"

"Sina homa."

"Basi unanichezea nini, mume wangu? Nimetoka Pangani! Nimelala chini stesheni na mtoto kifuani. Umeoa? Sema kama umeoa, niko hapa, sema."

"Sijaoa. Nimemuundia mtoto kitanda. Salum atakipakia." Sauti yake ilikuwa tulivu, na ndiyo iliyomfanya Arafa anyamaze. "Nenda naye Biharamulo mjini. Dada yake Salum, Kuluthumu, atakupokea, ni watu wa kwetu. Mgeuze Sauda nimwone."

Arafa alimgeuza mtoto. Sauda aliutazama uso ule wenye alama nyekundu bila kulia, akafungua mdomo, akapuliza hewani kwa sababu tangu kulipopambazuka alikuwa amegundua kwamba mdomo wake hutoa moshi. Wingu moja dogo. La mama yake likatoka kando yake, kubwa kidogo, la kukatika katika.

"Wawili," alisema Makame. "Wapite."

Salum alipakia kitanda, akapanda nyuma, akafunika uso kwa kilemba. Lori lilipopotea, Generoza alimwona mkaguzi akifungua kamba ya zizi na kushika njia ya machweo. Alikuwa akihesabu kwa sauti. Kwenye mwinuko, kabla ukungu haujamfunika, sauti zilikuwa mbili.

Nzeyimana aliendelea kuswaga ng'ombe njia ile kwa miaka tisa. Kila alipolifikia lile zizi la duara alinyamaza, akamshika kila ng'ombe pua, wala hakuhesabu kwa mdomo. Daftari lilikutwa mezani, na mstari wake wa mwisho uliandikwa kwa mwandiko ule ule ulionyooka: Mwanamume mmoja, miaka thelathini na minne. Hana homa. Amekataliwa.

Arafa hakurudi Pangani. Alizeekea Biharamulo, katika nyumba ya Kuluthumu, na asubuhi za kiangazi, watu walipokuwa bado wamelala, alikuwa akifungua mlango wa mbele, akapumua nje mara moja, akautazama mvuke wake mpaka ukaisha, kisha akasimama akingoja wa pili.